Muulize Mfamasia: Manjano, ubani, pilipili na zile "dawa za magoti"

Mwezi huu barua zenu karibu zote zinauliza mimea inayopunguza inflamesheni, nahisi kuna video inazunguka huko kwenye masimu maana watu tofauti wananiuliza kitu kilekile kwa maneno yaleyale. Haya, twende nazo. Ila kwanza tuwekane sawa: inflamesheni ni ile hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kupata joto, kuuma na kuwa nyekundu (kwenye ngozi nyeusi huo wekundu mara nyingi hauonekani, weka kiganja usikie joto), na sio adui, ukijikata kidole bila inflamesheni kidonda hakifungi. Shida inakuja pale inapogoma kuzima, au inapowaka yenyewe bila jeraha wala mdudu, kama kwenye baridi yabisi ya viungo.

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 47, goti la kulia linanitesa hasa nikipanda ngazi. Nilisoma sehemu kwamba manjano yanaondoa inflamesheni kuliko dawa za hospitali, basi nakoroga kijiko cha chai cha unga kwenye maji ya moto kila asubuhi, miezi inaenda sasa na sioni kitu zaidi ya vikombe vyangu vyote kuwa vya njano. Nakosea wapi? – Mama Njano

Marahaba mdogo wangu. Hukosei sana, ila hesabu ndo inakukataa. Kinachosifiwa kwenye hizo habari sio unga wa manjano, ni kemikali moja iliyomo ndani yake inaitwa kurkumini, ndo hiyohiyo inayokuharibia vikombe. Kwenye unga wa kawaida kurkumini ni kama asilimia 3 tu ya uzito. Kijiko chako cha chai kina kama gramu 3 za unga, kwa hiyo ndani mna kama miligramu 90 za kurkumini, wakati tafiti za magoti zinatumia dondoo, yaani kemikali zilizokamuliwa kwenye mmea na kukolezwa, miligramu mia tano hadi elfu moja na mia tano kwa siku.

Alafu hata hizo 90 haziingii zote, tena haziingii hata robo. Kurkumini haipendi maji, angalia kikombe chako utaona unga umelala chini na maji juu yamepata rangi tu, ukiweka mafuta kidogo ndo utaona njano inahamia kwenye mafuta. Ile kidogo inayofanikiwa kupenya kwenye utumbo inakutana na ini, na ini ni kama mlinzi mkali wa getini, linaifunga kurkumini kwenye kemikali nyingine na kuitoa nje kabla haijafika popote karibu na goti. Ndo maana watu wakapata wazo la pilipili manga. Mwaka 1998 watafiti waliwapa watu gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, yaani kile kinachofanya pilipili manga iwashe, na kiwango kwenye damu kikapanda mara ishirini. Kila unayemsikia anasema "weka na pilipili manga" anarudia utafiti ule hata kama hajui. Ila watu hawamalizii stori: piperini haichagui, inamlegeza yule mlinzi kwa dawa zako zingine pia. Dawa za kifafa kama fenitoini, dawa ya moyo kama propranololi, zinaweza kupanda kwenye damu kuliko daktari alivyopanga.

Je inafanya kazi kwenye goti? Kwa dondoo, kuna dalili nzuri. Thailand waliwapima watu 367 wenye magoti yaliyosagika, kundi moja likapewa dondoo ya manjano miligramu 1,500 kwa siku, lingine ibuprofeni miligramu 1,200, kwa wiki 4, matokeo yalitoka 2014 na maumivu yalipungua karibu sawa, na waliokunywa manjano walilalamika tumbo kidogo kuliko wenzao. Mimi nautaja huo kwa heshima, lakini hapakuwa na kundi la vidonge bandia visivyo na dawa, na maumivu ya goti yana tabia ya kupungua kwa mtu yeyote anayeamini ametibiwa. Upande wa pili, mwaka 2017 wanakemia walipitia tafiti nyingi za kurkumini wakasema wazi kwamba ni molekuli inayodanganya vipimo vya maabara, inang'aa yenyewe, inavunjikavunjika, inashikana na protini hovyo, kwa hiyo mashine inasoma "imefanya kazi" hata pale ambapo haijafanya chochote cha maana.

Kwa hiyo mdogo wangu kijiko chako endelea nacho kama unapenda ladha, hakina neno. Ukitaka kujaribu kapsuli jaribu miezi miwili hivi na uandike maumivu yako kila wiki kwa namba kutoka 0 mpaka 10, isipopungua acha. Ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, macho ya njano, mwili kuwasha, au kichefuchefu kisichoisha, acha siku hiyohiyo ukapime ini, maana kapsuli hizi hasa zile zenye piperini zimeripotiwa kuumiza ini la watu wachache, na wengi wao wamekutwa na jeni moja ya kinga, kitu cha kurithi, ambayo huwezi kujua kama unayo kwa kujiangalia kwenye kioo. Na goti linalouma ukipanda ngazi linataka msuli wa paja uwe na nguvu, hilo hakuna mmea utakaokufanyia, muone mtu wa fiziotherapi akuonyeshe mazoezi.

SWALI: Mambo vipi mfamasia, mimi ni mwanafunzi wa baiolojia. Kila ripoti ya mmea nikisoma inasema "dondoo ya majani imezuia NF-kB na kupunguza uvimbe kwa panya kwa dozi ya 400 mg/kg". Mbona sasa hizo dawa hazifiki hospitali? – Msoma Ripoti

Poa. Swali lako ndo ningetaka kila mtu aliulize kabla hajanunua chupa.

NF-kB ni protini inayokaa imefungwa ndani ya seli, ikipata taarifa ya hatari inafunguliwa, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za inflamesheni, zile zinazotengeneza protini za kuichochea kama TNF, intalukini-6, COX-2 na wenzao. Ukichukua seli kwenye kisahani, ukazimwagia karibu polifenoli yoyote ile (kundi kubwa la kemikali za mimea) kwa dozi kubwa, NF-kB itashuka. Kwasetini ya kwenye vitunguu itafanya hivyo, resveratroli ya zabibu itafanya hivyo, mmea wa mlangoni kwako nao pengine utafanya. Ngumu sio kuzima seli kwenye kisahani, ngumu ni kufikisha dozi ileile kwenye kiungo cha mtu anayetembea, na ikae hapo muda wa kutosha, na isimdhuru.

Sasa panya. Kile kipimo unachokisoma kila mara kilianza 1962: panya anachomwa sindano ya karajinani, kitu kinachotolewa kwenye mwani wa baharini, chini ya unyayo wa mguu wa nyuma. Ndani ya saa chache mguu unavimba, wanautumbukiza kwenye kichupa cha maji mpaka alama iliyochorwa kwenye kifundo na kusoma maji yamepanda kiasi gani, saa ya kwanza, ya tatu, ya tano. Dawa iliyotolewa kabla ya sindano ikifanya maji yapande kidogo basi "imezuia uvimbe kwa asilimia kadhaa". Kipimo kizuri tu, dawa nyingi za maumivu zilipita humo. Lakini tazama, dawa imetangulia ugonjwa, mgonjwa ni mguu uliovimba kwa saa tano, na wewe unataka kumtibu mtu mwenye baridi yabisi ya miaka kumi.

Na dozi. 400 mg kwa kilo kwa panya mkubwa wa maabara, ukiihamisha kwa binadamu huzidishi tu uzito, kwanza unagawa kwa kama 6.2 kwa sababu miili midogo inachoma dawa haraka. Unapata kama 65 mg kwa kilo, kwa mtu wa kilo 70 ni gramu 4 na nusu za dondoo kavu kila siku. Dondoo, sio majani! Kama majani kilo moja yanatoa gramu 50 za dondoo, basi mtu anahitaji gramu 90 za majani makavu kwa siku, hebu pima uone rundo lake. Hapo ndo mimea mingi inaishia, na hakuna aliyeificha.

SWALI: Mwanangu mfamasia, mimi ni mzee nimesoma kwamba aspirini ilitokana na gome la mti. Kwa nini basi nisichemshe gome lenyewe nikaachana na vidonge vya kiwandani? Nakunywa aspirini ndogo kila siku ya moyo. – Mzee wa Bustani

Shikamoo mzee wangu. Ulichosoma ni kweli na ni stori tamu. Mti wenyewe unaitwa willow, na mwaka 1763 kasisi wa Uingereza, Edward Stone, aliwaandikia wakubwa wa sayansi kule London kwamba gome lake lililokaushwa na kusagwa linashusha homa. Mwaka 1828 Johann Buchner wa Ujerumani akaitoa salisini humo, vifuwele vichungu vya njano. Baadaye wakapata asidi salisiliki ambayo ilisaidia kweli lakini ilichoma matumbo ya watu vibaya, ndo 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer akatengeneza asidi asetilisalisiliki iliyo safi, na 1899 ikaingia sokoni kwa jina la aspirini. Jinsi inavyofanya kazi ilikuja kujulikana 1971 tu, John Vane alipoonyesha kwamba inazuia mwili kutengeneza prostaglandini, zile kemikali zinazoleta maumivu, homa na uvimbe. Mwaka 1982 akapewa Nobel pamoja na wenzake wawili.

Lakini mzee wangu, ndani ya stori hiyo kuna kitu kinakuhusu wewe moja kwa moja. Ile "asetili" waliyoiongeza kiwandani ndo inayokulinda moyo. Aspirini inaibandika kwenye kimeng'enya cha COX-1 ndani ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na chembe sahani haina uwezo wa kutengeneza kimeng'enya kipya, inabaki imezimwa maisha yake yote ya siku 7 mpaka 10. Salisini ya gome haina hiyo asetili. Itapunguza maumivu ya mgongo kidogo, ndio, lakini damu yako itaganda kama kawaida. Ukibadilisha aspirini ya moyo kwa gome utakuwa umebaki na moyo usio na ulinzi huku unaamini unatumia kitu kilekile, tafadhali sana usifanye. Na usichanganye vyote viwili pia. Mwenye pumu inayochokozwa na aspirini asiguse gome, na mtoto mwenye homa ya virusi asipewe, kwa sababu ileile tunayomkataza aspirini, inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo.

SWALI: Dada nisaidie haraka. Mama yangu ana miaka 63, magoti yalimshinda kabisa, jirani akamletea vidonge vimeandikwa "mitishamba asilia 100%". Siku ya tatu alikuwa anatembea bila fimbo tukashangilia. Sasa ni mwezi wa nne, uso umejaa umekuwa wa mviringo, ngozi inachubuka kirahisi, na juzi tumepima sukari tukakuta imepanda sana, hajawahi kuwa na kisukari. Nimwambie aache? – Binti Mkubwa

Usimwambie aache ghafla. Soma hiyo sentensi tena. Mpeleke hospitali leo au kesho asubuhi, na mbebe kopo lenyewe na vidonge vilivyobaki.

Nakueleza kwa nini. Hakuna mmea ninaoujua unaoondoa maumivu ya magoti yaliyosagika ndani ya siku tatu mpaka mtu anatupa fimbo. Mimea ikisaidia inasaidia polepole, wiki tatu, nne, sita, na inapunguza, haifuti. Kitu kinachofanya ulichokieleza, kasi ile na kisha uso wa mviringo, ngozi nyepesi, sukari juu, ni steroidi, kama deksamethasoni au prednisoloni, na kuchanganya steroidi au diklofenaki ndani ya "mitishamba" bila kuandika ni mchezo wa zamani sana katika biashara hii. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa maonyo zaidi ya mara moja kuhusu bidhaa za maumivu ya viungo zinazouzwa kwa jina la Artri King na majina yanayofanana nalo, walipopima wakakuta deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo. Sisemi ya mama ni hiyo, nasema tu picha uliyoichora inafanana.

Sasa hatari ya kuacha ghafla iko hapa: juu ya figo kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe, kila siku. Mtu akimeza steroidi kwa miezi, hizo tezi zinalala. Ukikata dawa siku moja, mwili unabaki hauna kotisoli ya nje wala ya ndani, presha inaanguka, anatapika, anaishiwa nguvu, na anaweza kufa. Daktari atampima na kumshusha taratibu kwa dozi inayojulikana. Ikitokea kabla hamjafika ameanza kutapika, kuchanganyikiwa au kuzimia, hiyo ni dharura, mnaenda muda huohuo hata kama ni usiku, na mnasema neno "steroidi" mlangoni kabla ya maelezo mengine. Wamwangalie na vidonda vya tumbo pia, kinyesi cheusi kama lami ni damu.

Na jirani msimgombeze sana, inawezekana na yeye anavimeza. Mwambieni naye akapime.

SWALI: Krimu ya pilipili inasaidia kweli au ni kuungua tu? Nimepaka mara mbili nikaosha, sitaki hata kuiona. – Nimeungua

Pole! Inasaidia, ila umeacha kabla haijaanza. Kapsaisini ya pilipili inabonyeza kitu kwenye ncha za neva kinaitwa TRPV1, ni kilekile kinachokuambia kitu ni cha moto. David Julius alikigundua 1997 kwa kutumia hiyohiyo kapsaisini, na 2021 akapata Nobel. Kwa hiyo ubongo wako haukukosea, umeambiwa kuna moto na umeamini. Ukiendelea kupaka mara 3 au 4 kila siku, zile ncha zinachoka na kunyamaza, inachukua wiki moja mbili kuanza kusikia nafuu na pengine mwezi kuipata yote. Ukipaka siku mbili ukaruka tatu, kila mara unaanza upya na kuungua upya. Kiukweli hii sio dawa ya inflamesheni hasa, inazima waya wa maumivu, uvimbe wenyewe unabaki palepale.

Usipake kwenye ngozi iliyochubuka, usipake ukitoka kuoga maji ya moto, na mikono ioshe kwa sabuni, maji matupu hayatoi kapsaisini. Ipake mafuta ya kula kwanza kisha sabuni, inatoka vizuri zaidi. Lensi za macho vaa kabla ya kupaka, sio baada. Utanishukuru.

SWALI: Nina jongo. Nimegundua kolchisini ninayopewa inatoka kwenye ua, na ua linalofanana nalo kwa kemikali linaota tu lenyewe. Si nitafune mzizi kidogo likiniamsha usiku? – Kidole Gumba

Hapana hapana hapana. Kaka yangu, huu ndo mmea wa mwisho kabisa kujipimia kwa jicho.

Kolchisini inatoka kwenye Colchicum autumnale, na ipo pia kwenye Gloriosa superba, lile ua zuri lenye petali nyekundu na njano zilizopinda kwenda juu. Ni kweli ni moja ya dawa za mmea zinazofanya kazi vizuri zaidi kwenye inflamesheni: inashikana na tubulini, vijiti vinavyoipa seli umbo na mwendo, na seli nyeupe za damu zilizokuwa zinakimbilia vifuwele vya asidi yuriki kwenye kidole chako zinashindwa kutembea. Dozi yake siku hizi ni ndogo, miligramu 1.2 mara tu maumivu yanapoanza na 0.6 baada ya saa moja, basi. Hata moyo wameanza kuitumia, mwaka 2023 FDA ilikubali kidonge cha nusu miligramu kwa wagonjwa wa mishipa ya moyo.

Ila tubulini ipo kwenye kila seli uliyonayo. Ukizidisha kidogo tu unaanza kutapika na kuharisha, baada ya siku moja au mbili uboho wa mifupa unaacha kutengeneza damu, figo, moyo na mapafu vinafuata, na hakuna dawa ya kuikata sumu hiyo ambayo utaikuta imekaa tayari hospitalini. Mzizi mmoja unaweza kuwa na kidogo, wa pembeni yake ukawa na nyingi, kwa macho ni ileile. Hata kwa kidonge chenyewe angalia, ukiandikiwa antibayotiki ya klarithromisini mwambie daktari unatumia kolchisini kabla hajamaliza kuandika, hizo mbili pamoja zimeshaua watu.

SWALI: Ubani je? Nasikia unatibu viungo, mimi nimenunua mafuta yake nayapaka na kuyanusa. – Bi Harufu

Harufu nzuri endelea kuifurahia bibie, lakini asidi za boswelia (boswelia ndo mti wa ubani), zile zinazozuia kimeng'enya cha 5-lipoksijenezi na zilizopimwa kwenye maumivu ya magoti, ni molekuli nzito zinazokaa kwenye utomvu. Mafuta ya ubani yanapatikana kwa kuvukizwa, mvuke unabeba vitu vyepesi vyenye harufu na vile vizito vinabaki chini kwenye chungu. Kwa hiyo kichupa chako hakina au kina kidogo mno. Waliopimwa walimeza kapsuli za dondoo ya utomvu, matokeo ni ya kutia moyo ingawa tafiti nyingi ni ndogo. Moshi wake usiutafute kama dawa, mwenye pumu utamkaba.

SWALI: Mafuta ya zeituni yananikereketa kooni, ni mabovu? – Mpishi

Ni mazuri, tena huenda ni mazuri sana. Onja kijiko kitupu cha yale ya mkamuo wa kwanza, ulimi hausikii kitu, kisha baada ya sekunde chache koo peke yake linawasha na unakohoa. Mtafiti Gary Beauchamp aliusikia mwasho huo akakumbuka ibuprofeni ya maji inawasha koo vilevile, mahali palepale, na 2005 yeye na wenzake wakaonyesha kemikali iliyomo, oleokanthali, inazuia vimeng'enya vya COX kama ibuprofeni. Ila usifurahi kupita kiasi, gramu 50 za mafuta hayo kwa siku ni kama sehemu ya kumi tu ya dozi ya ibuprofeni ya mtu mzima, na gramu 50 za mafuta ni nyingi. Mwasho ukiisha kabisa kwenye chupa ya zamani ujue imechakaa.

SWALI: Wiki tatu zijazo nafanyiwa operesheni ya nyonga. Nakunywa tangawizi, kitunguu saumu cha kapsuli na manjano kwa ajili ya maumivu. Niseme au nikae kimya, naogopa watanifokea. – Muoga wa Madaktari

Sema, na wakufokee. Ginjeroli ya tangawizi, kemikali za kitunguu saumu na kurkumini zote kwa dozi za kapsuli zinaweza kupunguza kuganda kwa damu, moja peke yake pengine isionekane, tatu kwa pamoja kwenye operesheni ya nyonga ambayo kwa kawaida inatoa damu nyingi ni habari nyingine. Kapsuli ziache zote leo hii, usingoje, tunataka angalau wiki 2 zipite. Tangawizi na saumu vya kwenye chakula havina shida, kula tu. Kama unatumia warfarini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda usiiguse wala kuiacha kwa maneno yangu, hiyo anaipanga daktari wako, na waambie wapime INR, kipimo cha damu inavyoganda, mara baada ya kuacha kapsuli maana inaweza kuyumba.

Maumivu kwa hizi wiki tatu kwa watu wengi parasetamoli inatosha kusogeza siku, ila kama ini lako lina shida au unakunywa pombe sana uliza dozi kwanza. Andika listi ya kila kitu unachomeza, chai, unga, matone, hata kile alichokupa shangazi kwenye chupa isiyo na jina, mpe daktari wa nusu kaputi na sio wa upasuaji peke yake, na yale makopo yaweke kwenye mfuko uende nayo, kuna mtu huwa anataka kusoma lebo.